Mke Mwenza Kanyamaza

Mke mwenza wangu alinyamaza siku ya Jumamosi mchana, na aliyemziba mdomo ni mimi mwenyewe.

Kabla hujaniita katili, subiri nikueleze. Mke mwenza huyo hana mwili. Ni sauti tu, programu inayokaa ndani ya kompyuta ya mume wangu na kumsomea kila kilichoandikwa kwenye skrini. Mzee wangu macho yalizimika miaka sita iliyopita. Presha ya macho ilianza na jicho moja ikamalizia la pili, madaktari wakabaki kutikisa vichwa. Kabla ya hapo alikuwa msoma prufu kwenye kiwanda cha uchapaji, mtu ambaye nukta ikikaa pasipo pake hata chakula hakipiti kooni. Baadaye akaenda kozi ya watu wasioona, akarudi na flashi mfukoni na sauti hiyo ndani yake. Tangu hapo ana kazi. Ofisi moja ya kumbukumbu humtumia mikutano iliyorekodiwa, naye huisikiliza na kuiandika neno kwa neno, sikio moja kwenye mkutano, sikio la pili kwa yule bibi. Kutwa nzima! Mume tunaye mmoja, na yeye ndiye anayeshinda naye. Sasa ningemwitaje?

Maneno yake sikuwahi kuyaelewa hata siku moja. Mzee wangu alimwekea mbio za ajabu, kwa sababu wasioona wakizoea husikiliza haraka kuliko sisi tunavyosoma. Mimi nilichosikia ni kama maharage yanamiminwa kwenye sufuria. Nikiuliza, "Mnaongea nini huko?" hunijibu, "Ya kikubwa, bibie."

Basi, wiki hiyo ofisi ikatuma waraka. Wameleta mtambo mpya wa kupokea mafaili, na mtambo huo hauelewani na kompyuta zenye mifumo ya zamani. Kila mwandishi aweke toleo jipya, kisha atume faili la majaribio kabla ya Jumatatu saa mbili asubuhi. Ambaye faili lake halitafika, kazi yake atapewa mwingine. Hakuna "tafadhali", hakuna "ikiwezekana".

Mzee wangu aliusikiliza waraka huo mara mbili, akanirudishia neno kwa neno, kisha akavua hedifoni na kukaa kimya. Kimya kile nakijua. Baada ya macho kuzimika alikaa miezi kumi kwenye kiti cha sebuleni, uso ameuelekeza ukutani, hasemi, hagombi, hataki hata kunyolewa. Nilikuwa nikipita na kitambaa mkononi namkuta vilevile nilivyomwacha. Kazi hii ndiyo iliyomtoa kwenye ule ukuta. Nikaapa kwamba ukuta huo haumwoni tena, labda mimi niwe nimekufa.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nikamshika mkono tukaenda kwa fundi wa kompyuta. Mtaani anaitwa Miwani, kwa sababu miwani yake hukaa kwenye paji la uso na yeye hushinda akiitafuta. Duka lake ni chumba kimoja chembamba, nyaya zimening'inia kila mahali, na mezani alikuwa amepanga kompyuta tatu zikiwaka.

"Mfumo endeshi, ule unaoendesha kompyuta yote, ni huu mmoja," akasema, "ila una matoleo matatu. Hili ni toleo la Nyumbani. Hili ni la Kazini. Na hili la mwisho ni toleo Jepesi."

"Tofauti yake?"

"Angalieni wenyewe."

Mimi nashona mapazia. Miaka ishirini na mitatu nachagua kitambaa kwa jicho: nakisimamisha kwenye mwanga, narudi nyuma hatua mbili, basi, nimeshajua. Mwenye macho haambiwi tazama. Nikasimama mbele ya zile skrini tatu kama niko sokoni kwenye marobota. La Nyumbani lilikuwa limejaa vitu, vipicha huku, matangazo kule. La Kazini lilikuwa la kijivu, limenuna. Lakini Jepesi! Safi, rangi ya maji, vitu vinne tu katikati, na ukigusa linafunguka hapo hapo.

"Fundi, samahani," mzee wangu akasema kutoka kwenye benchi, "nilikuwa na swali kuhusu..."

"Ngoja kwanza, mzee," nikamkata. "Tunaangalia."

Miwani akaniegemea. "Yeye anaitumia kwa kazi gani?"

Sasa hapa ndipo ninapojilaumu hadi leo. Mimi ni yule mwanamke ambaye daktari aliniuliza, "Mgonjwa anasikia maumivu wapi?" nikampa vidonge vyake pale pale: "Muulize mwenyewe, macho yamezimika, mdomo haujazimika!" Wauguzi wote wakageuka. Siku ile dukani nilijibu kwa upole kabisa, "Anaandika mikutano," kana kwamba aliyekaa kwenye benchi ni mkoba wangu.

"Basi Jepesi litamfaa," Miwani akasema. "Halipokei programu yoyote ya kutoka nje. Ni zile tu zilizopimwa na wenyewe, ziko kwenye duka lao humo humo ndani. Virusi havina pa kuingilia."

Mwezi uliopita virusi vilikula mikutano miwili mizima, mzee akaandika upya. Nikaona huu ndio mwisho wa balaa.

"Hilo hilo," nikasema.

"Bibie," mzee akaita tena, "muulize fundi kama..."

"Nimeshachagua, mzee. Zuri mno. Ungeliona!"

Miwani akahamisha mafaili yote, akaweka toleo jipya, akafunga duka saa sita kwa sababu timu yake ilikuwa inacheza. Nilirudi nyumbani natembea kwa maringo, kompyuta kwapani, mume mkononi.

Nikaiweka mezani, nikaiwasha, nikaenda kuinjika sufuria ya mchana. Kawaida nikifika jikoni maharage ya mke mwenza huwa yameshaanza kumiminika, maana hedifoni zenyewe zinavuja sauti. Siku hiyo hakuna kitu. Nikasikia kibodi: tak, tak. Kimya. Tak, tak, tak. Kimya. Nikarudi nikiwa na mwiko mkononi.

"Haongei," mzee akasema.

"Labda amenuna. Mke mwenza naye ana siku zake."

Hakucheka. "Hayumo, bibie. Nimejaribu kumweka kutoka kwenye flashi. Kuna kitu kinakataa. Yumo mwingine wa ndani, aliyekuja na toleo lenyewe. Hebu sikiliza."

Akachomoa hedifoni. Ikatoka sauti ya kigeni ikisoma Kiswahili kwa kubahatisha, inakata neno katikati, inameza mwisho, kama mtu aliyetiwa kiazi cha moto mdomoni. Neno "mwenyekiti" lilitoka vipande vitatu na hakuna kilichofanana na kiti.

Nikasogea kwenye skrini. Katikati ya ile rangi ya maji iliyonipendeza kulikuwa na maandishi: *Toleo hili halipokei programu kutoka nje.*

Mke mwenza ni wa nje. Alikuja kwenye flashi! Nyumba nimeisifia mlango mmoja, kumbe nimemfungia nje mwenye nyumba.

"Ndicho ulichotaka kumuuliza fundi," nikasema.

"Ndicho."

"Mara mbili umeita, mara mbili nimekukata."

"Yamepita," akasema, akafunga kompyuta taratibu. Kisha akainuka, akapapasa njia hadi sebuleni, akakaa kwenye kile kiti. Uso akauelekeza ukutani.

Jamani. Nimewahi kuogopa maishani, lakini si hivyo. Nilizima jiko, nikatafuta simu kama mwehu, nikampigia Miwani. Haikupokelewa. Nikapiga tena. Mara ya tano ikapokelewa, na uwanja mzima ukaniingia sikioni.

"Fundi! Programu ya mzee haikubali!"

"Nini?"

"Haikubali!"

"Aaah! Anapaisha huyu, goli liko wazi! Eeh, mama, sema."

Nilitaka kumtukana yeye na timu yake. Badala yake nikameza mate, nikafanya nilichopaswa kufanya asubuhi. Nikaenda hadi kwenye kile kiti, nikaweka simu kwenye kiganja cha mume wangu.

"Ongea naye mwenyewe," nikasema. "Mimi nimefunga mdomo."

Akaisogeza sikioni na kumweleza fundi kwa maneno kumi tu, yamepangwa kama yamepigwa chapa. Miwani akatulia. Nilikuwa nimeinamia simu, nikamsikia akiondoka kwenye kelele.

"Mzee, shikamoo. Kumbe unatumia programu ya kusomewa! Mbona hukuniuliza pale dukani?"

Nikafumba macho. Nilistahili hilo.

"Nilichelewa kufikiria," mume wangu akasema.

Wallahi nilitamani ardhi ipasuke. Mtu nimemzima kama redio mbele za watu, na bado ananifunika.

Miwani akasema kutoka kwenye Jepesi kunawezekana. Kuna mlango kwenye mipangilio. Ila ukitoka hurudi, na ukishatoka linakuuliza unakwenda toleo la Nyumbani au la Kazini, nalo hilo ukishalichagua ndilo lako.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Kazi ni kazi, lazima liwe la Ka..." Nikaung'ata ulimi. Mzee alisubiri aone kama nimemaliza.

"Fundi," akasema, "asubuhi nikiwasha, kila moja linaanza na nini?"

Swali gani hilo? Mimi nisingeliuliza miaka mia. Miwani alifikiri kwanza. La Kazini, akasema, kila likiwashwa linatuma namba kwenye simu, uisome, uiandike kwenye skrini, ndipo programu zako zianze. La Nyumbani halina mambo hayo. Ukiwasha, kila ulichokiweka kinaamka pamoja nalo.

"Maana yake la Kazini, kila asubuhi nitahitaji mtu wa kunisomea namba kabla sauti yangu haijaamka."

"Eeh... ndiyo, mzee."

"Basi Nyumbani. Nataka kufungua mlango wangu mwenyewe."

Yale matangazo na vipicha nilivyovidharau, yeye vinamhusu nini? Haoni hata kimoja. Nilikuwa nimemchagulia mtu asiyeona kitu kizuri cha kutazama. Ukinichapa kwa hilo sikukatazi.

Uwanja ukalipuka kwa kelele, Miwani akapiga yowe la furaha, simu ikakatika. Hakupatikana tena. Tukabaki wawili na mashine.

Mzee akarudi mezani, vidole kwenye kibodi, mimi kando yake nimekodoa macho kwenye skrini.

"Unaona nini?"

"Kuna kitu cha bluu, cha mviringo hivi, halafu pembeni..."

"Bluu hainisaidii. Soma maneno."

"Mipangilio. Akaunti. Usalama. Kuhusu..."

"Usalama."

Nikasoma. Akabonyeza. Nikaruka mstari mmoja kwa kuuona hauna maana, akaniuliza, "Umeruka nini?" Amejuaje? "Umevuta pumzi kama mtu anayeruka dimbwi," akasema. Nikaurudia ule mstari, na ndio uliokuwa na mlango wenyewe: *Ondoka kwenye toleo Jepesi.*

"Halafu?"

"Wanauliza kama una uhakika."

"Na wewe una uhakika?"

"Mimi? Anaulizwa mwenye kompyuta."

Hapo alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akabonyeza. Likaja swali la pili, Nyumbani au Kazini, akachagua bila kusita. Skrini ikawa nyeusi. Ikakaa nyeusi. Nikamwambia imekuwa nyeusi, akasema, "Karibu kwangu," nikampiga kofi la bega. Tulisubiri huku nimeshika mkono wake, na sijui ni wa nani uliokuwa unatoka jasho.

Ikawaka. Matangazo yale, vipicha vile, fujo tupu. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile.

Tukachomeka flashi. Hakuna kilichokataa. Ikaomba namba ya kibali, tarakimu ishirini. Nikaanza kuhangaika na karatasi, droo, mkebe wa vifungo, yeye akazitaja zote kwa kichwa, hakukosea hata moja. Mstari mwembamba ukaanza kujaa kwenye skrini. Nikawa namsomea: arobaini kwa mia, sitini, tisini, tisini na tisa. Ukakaa kwenye tisini na tisa mpaka nikaanza kuutukana.

"Karibu," mke mwenza akasema.

Nilipiga kigelegele hadi jirani akagonga ukuta. Mzee wangu alicheka kicheko cha tumboni, kile cha zamani, akafuta macho yake kwa mgongo wa mkono. Mikono ikaanza kukimbia kwenye kibodi. Hakutaka kusubiri Jumatatu; akafungua mtambo wa ofisi pale pale, akatafuta faili la majaribio, akalituma.

"Faili limepokelewa," mke mwenza akasema. "Asante, mwandishi wetu."

Nikashusha pumzi niliyokuwa nimeibeba tangu ule waraka ulipokuja. Nikakaa juu ya marobota yangu ya kitambaa. Kazi ipo. Ukuta utafute mwingine wa kumwangalia.

Ni hapo tu nilipogundua kitu. Nilikuwa nimemwelewa. Neno kwa neno! Kwa kuwa alikuwa amewekwa upya, alikuwa bado hajapewa mbio zake, alikuwa anaongea taratibu kama mwalimu wa darasa la kwanza, na hedifoni zilikuwa bado mezani.

Mzee naye akagundua. Mkono ukaenda haraka kuongeza kasi.

"Mwache," nikasema. "Miaka yote hii sijawahi kumwelewa. Leo namsikiliza."

"Hakuna cha maana, bibie. Nakagua tu kama fundi amehamisha mafaili yote."

"Basi kagua. Mimi nipo."

Akasita. Kisha akaanza kushuka na orodha, kidole kimoja, na mke mwenza akawa anaita jina moja moja. "Mikutano. Barua. Risiti. Dawa. Uso."

"Uso?"

"Ni... rasimu tu."

"Rasimu ya nini? Fungua."

"Bibie."

"Ya kikubwa, siyo? Mimi si mdogo. Fungua."

Akapumua kwa nguvu, akabonyeza. Mke mwenza akasoma bila haraka wala aibu.

"Faili hili si la kazi. Naandika nisije nikasahau. Nyusi zake ni nene, na ya kushoto huinuka kabla hajagomba. Sikio moja lina matundu mawili. Tundu la pili alijitoboa mwenyewe kwa sindano ya kushonea, machozi yakamtoka, akasema ni jasho. Meno ya mbele yana mwanya. Akicheka huufunika kwa mkono. Nimemwambia aache, hasikii. Kwenye shavu la kulia, karibu na mdomo, ana kidoti. Juzi amesema amenenepa mashavu. Sijayaona hayo mashavu mapya, kwa hiyo nimeacha nafasi hapa."

Sikujua niangalie wapi. Mwanamke niliyemwonea wivu kwa mzaha miaka yote hii, kumbe kazi yake nyingine ilikuwa kumsomea mume wangu sura yangu. Mkono wangu ulikuwa umeshafika mdomoni kufunika mwanya, na wala sikuwa nacheka.

Mimi nikizidiwa hugomba. Ndiyo dawa yangu.

"Umekosea," nikasema. "Msoma prufu mzima! Kidoti changu kiko shavu la kushoto."

"Hakuna kosa hapo."

"Uso ni wangu, mzee. Nauosha kila asubuhi. Ni la kushoto."

Akageuza kiti, magoti yake yakagusa yangu. Akainua mkono, na kidole chake hakikupapasa, kilikwenda moja kwa moja kikatua juu ya kidoti.

"Ni upande wa mkono wangu wa kulia," akasema. "Ninapokutazama."

Kidole chake kilikuwa bado shavuni, kikaanza kulowa.

"Unatokwa na machozi," akasema.

"Jasho. Chumba kina joto."

Akageukia kibodi, akaandika kitu kifupi, na mke mwenza akamsomea polepole, nami nikisikia kila neno: "Bado anasema ni jasho."